Same Yetu na "Same" ya Waingereza

Mwaka juzi alikuja ofisini kwangu hapa Bombo baba mmoja pamoja na binti yake. Binti alikuwa amemaliza sekondari, na watu wema wa ng'ambo walikuwa tayari kumlipia karo ya chuo. Fomu yao ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilitaka ijazwe kwa herufi kubwa tupu. Nikaijaza mimi mwenyewe. Mahali pa kuzaliwa nikaandika BOMBO. Mstari wa chini yake, palipotakiwa wilaya, nikaandika SAME. Tukatia na cheti cha ubatizo, tukaipeleka.

Baada ya mwezi mmoja likaja jibu. Kwa nini fomu yasema Wilaya ya Bombo, na cheti chasema Wilaya ya Same? Tena Bombo waliyoiona katika ramani iko Uganda. Je, binti huyu ni Mtanzania kweli? Karo ikazuiliwa mpaka mambo yaeleweke.

Niliisoma barua ile mara tatu ndipo nikafahamu, nikaona haya. Jina la wilaya yetu na jimbo letu, likiandikwa, halina tofauti hata ya nukta na neno la Kiingereza ambalo maana yake ni "ile ile" au "kama hilo lililotangulia". Msomaji wa kule aliona BOMBO, na chini yake SAME, akaelewa "kama hapo juu". Akaandika Bombo mara mbili. Kama ningeandika kwa herufi ndogo, S kubwa ya mwanzo pengine ingemwamsha.

Neno lenyewe ni dogo, lakini lina mitego. Sisi twatamka Sa-me. Mwingereza hutamka "seim", na ile e ya mwisho huiandika tu bila kuitamka. Haikuwa hivyo tangu zamani. Katika siku za mshairi wao Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, walilitamka karibu na tunavyotamka sisi. Sauti zao zikageuka, maandishi yakabaki palepale, na watoto wetu ndio wanaochapwa kwa sababu hiyo. Nimeona madaftari yenye "seim" na "sem". Hayo ni makosa mepesi, maana msomaji hukisia. Kosa zito ni kuweka o mahali pa a, likawa "some". Hapo "watu wale wale" wamekuwa "watu fulani", na hakuna atakayejua kwamba umekosea.

Kiswahili chetu hulibadilisha neno hili kufuata jina: mtu yule yule, kitabu kile kile, siku ile ile. Kiingereza hutumia moja kwa yote, ila kwa kawaida hutanguliwa na "the". Ukitakiwa heri ya Noeli kwa Kiingereza, jibu ni "The same to you", yaani nawe vilevile. Tena lina maana mbili. Mwingereza akisema wasichana wawili wamevaa gauni "the same", hasemi kwamba wameingia wote katika gauni moja. Ni gauni za aina moja. Lakini akisema walizaliwa siku "the same", ni siku ile ile hasa.

Tangu hapo fomu yoyote ya Kiingereza ipitayo mikononi mwangu huandika SAME DISTRICT, KILIMANJARO REGION, TANZANIA, hata kama nafasi ni finyu na maneno yanapanda ukingoni. Ninyi mnaojaza fomu nyumbani, fanyeni hivyo hivyo.

Yule baba aliuza tangawizi yake kabla ya bei kupanda, akashuka mjini Same mara mbili kutafuta barua ya kuthibitisha. Binti alifika chuoni wenzake wakiwa wamekwisha soma wiki tano. Mzee alipokuja kunipa habari hiyo aliniuliza kama Waingereza hawakuwa na neno jingine la kutumia. Nikamwambia walikuwa nalo, lao wenyewe, lakini yapata miaka 800 iliyopita walianza kuliacha, wakatwaa hili la wageni wa kaskazini, Wadeni na Wanorwe, waliovuka bahari wakahamia kwao.

"Basi," akasema, "wangebaki na lao."