Treni ya kasi ikija, itasimama Voi ama itatupita tu?

Kila video ya treni ya Morocco ikisambaa kwenye simu, lazima kuna mtu atauliza: na sisi Nairobi–Mombasa tutapata lini ya kilomita 300 kwa saa? Swali zuri. Lakini kama wewe ni wa Wusi, ama Mwatate, ama popote panapotegemea kituo cha Voi, swali lako ni lingine kabisa. Itasimama wapi?

Hebu tupige hesabu. Ni ya shule ya msingi, haitaki digrii (na mimi sina). SGR ya Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 472, na treni ya abiria hukimbia hadi 120 kwa saa. Weka ya 250, kasi ambayo duniani ndiyo hupewa jina la reli ya kasi, na kwenye karatasi safari inakuwa chini ya saa mbili. Tamu, ama?

Sasa isimamishe. Treni ya 250 haikanyagi breki kama matatu iliyoona abiria. Inataka kilomita tano hivi kutulia, watu washuke, halafu ianze kujivuta tena. Kila kituo weka dakika sita. Katikati kuna vituo saba: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Ukisimama vyote, dakika 42 zimeenda. Ndio maana mpangaji akishika kalamu, kitu cha kwanza anachofuta ni vituo. Hiyo Al Boraq ya Morocco, iliyoanza Novemba 2018 kati ya Tangier na Casablanca, njiani husimama Kenitra na Rabat basi.

Na usidhani ni kununua tu kichwa kipya. SGR yetu ni ya njia moja, na treni za mizigo hutambaa kwa 80. Ya kasi ikiwekwa nyuma yake itakuwa kama gari dogo nyuma ya trela Mombasa Road usiku. Kwa hivyo tunazungumzia reli mpya, iliyonyooka, ya umeme, yenye ua kila upande, tena ndani ya Tsavo ambako ndovu wana njia zao. SGR ilikula karibu Sh327 bilioni, sehemu kubwa mkopo wa Exim Bank ya China. Hii haiwezi kuwa rahisi zaidi, na deni halimbagui mtu wa Wusi eti kwa sababu yeye alisikia mvumo tu.

Kupitwa tumezoea, bana. Mwaka 1915 Waingereza walitandika reli kutoka Voi kuelekea Taveta, ikapita Mwatate. Ilikuwa ya kupeleka wanajeshi kupigana na Wajerumani, si ya kubeba kabeji ya mtu. Maji ya Mzima nayo yanateremka kwa bomba hadi Mombasa huku watu wa njiani wakibeba mitungi.

Japan walipofungua yao mwaka 1964, Tokyo hadi Osaka, waliweka treni aina mbili juu ya reli moja. Hikari ilisimama Nagoya na Kyoto tu, Kodama ilisimama kila kituo, ikijitoa pembeni ili mwenzake apite. Hiyo ndiyo kitu ya kudai, na lazima idaiwe mapema, kwa sababu njia ya kupishana huchorwa kabla ya kokoto kumwagwa. Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe. Shida ni kwamba kwenye baraza watu huongea fidia ya shamba pekee, na ratiba hakuna anayeiuliza.

Maana angalia: Voi–Mombasa kwa treni hiyo inaweza kuwa dakika 45. Mtu angeishi Wusi, kwenye baridi yake na kodi ya chini, afanye kazi Pwani. Lakini ateremke kwanza hadi Mwatate, asubiri matatu ijae, afike Voi, kisha treni imshushe Miritini, ambako bado si mjini. Treni dakika 45, barabarani saa mbili na zaidi. Kwa hivyo ukienda barazani, uliza pia ni gari gani litamngoja abiria wa mwisho wa jioni pale Voi, na kama kuna behewa la mboga za alfajiri.