Chujio la Maji kwa Mpangaji



Mwezi uliopita mama mmoja kijana, jirani yangu katika majengo ya kupanga karibu na Hamilton Road hapa Whitehall, alinijia na karatasi mkononi. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, "naomba unisomee hii." Ulikuwa mkataba. Siku iliyotangulia mtu mmoja aliyevaa shati la kazi alikuwa amegonga mlango wake, akajitambulisha kuwa anapima maji ya mtaa. Alitia matone ya dawa katika bilauri ya maji ya bomba, na maji yakageuka manjano. Kisha akamwuliza kama hayo ndiyo anayomnywesha mtoto wake. Mama huyu ana mtoto wa miezi minne anayekunywa maziwa ya kopo. Alitia sahihi. Mashine ilikuwa ya dola elfu kadhaa, ya kulipwa kidogo kidogo kwa miaka mitano, na ya kufungwa chini ya sinki katika nyumba ambayo yeye atahama mwezi wa Agosti.

Rangi ile ya manjano si uchafu. Dawa aliyoitia yule muuzaji hubadilika rangi inapokutana na klorini, na klorini ndiyo inayotiwa majini ili kuua vijidudu. Hivyo alichokithibitisha mbele ya mama yule ni kwamba maji yake yametibiwa.

Kwa bahati alinijia mapema. Sheria ya taifa hili humpa mtu aliyeuziwa kitu nyumbani kwake, chenye thamani ya dola 25 au zaidi, siku tatu za kazi za kuvunja mkataba bila kutoa sababu. Jumamosi huhesabiwa, Jumapili na sikukuu za serikali hazihesabiwi. Muuzaji anapaswa kukuachia fomu ya kuvunjia mkataba, nakala mbili. Tuliijaza usiku ule ule, na asubuhi tukaipeleka posta kwa rejista.

Lakini alipokwisha kutulia aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa neno moja: "Basi ninunue nini? Au niendelee kuchemsha tu, kama kule kambini?"

Sisi tuliotoka huko tumelelewa kwa kuchemsha maji. Yeyote aliyeona kipindupindu hawezi kulaumiwa kwa kuiamini sufuria. Moto huua vijidudu. Hilo ni kweli Kigoma na ni kweli Ohio. Ila moto hauondoi kitu kilichoyeyuka majini. Nilipokuwa nikifundisha mkoani Arusha, kila darasa lilikuwa na watoto wenye meno ya kahawia. Maji ya miteremko ya Mlima Meru hung'aa machoni, lakini mahali pengi yana floridi nyingi kupita kiasi. Ukiyachemsha, maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki ile ile. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wataalamu walitumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuipunguza. Mkaa wa kuni tunaopikia haungeifanya kazi hiyo. Kila chujio lina adui wake, na mnunuzi hana budi kumjua adui huyo kabla ya kufungua mkoba.

Sasa, hapa kwetu adui ni nani? Maji ya Whitehall yanatoka katika mfumo wa Jiji la Columbus, wenye mitambo mitatu: Hap Cremean, unaotumia maji ya bwawa la Hoover, Dublin Road, unaotumia mto Scioto, na Parsons Avenue, unaovuta maji ya visima. Maji hayo huuliwa vijidudu na hupunguzwa ugumu kabla hayajatufikia. Ukoko mweupe unaouona ndani ya birika ni madini ya chokaa, wala hauna madhara. Harufu ya klorini huwaudhi wengi, nami ni mmoja wao, lakini haimdhuru mtu.

Kinachonitia wasiwasi ni risasi. Madini haya aghalabu hayatoki mtamboni. Huingia majini njiani, kutoka katika mabomba ya zamani, katika viungo vilivyochomelewa kwa risasi kabla ya kupigwa marufuku mwaka 1986, na katika koki za shaba za zamani. Whitehall ilijengwa kwa wingi baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo nyumba nyingi ni za kabla ya mwaka huo. Majengo makubwa ya kupanga kwa kawaida hayana bomba la risasi linalotoka barabarani, kwa kuwa mabomba hayo yalikuwa membamba, ya kulisha nyumba ndogo. Lakini viungo na koki za ndani ni jambo jingine. Risasi haina rangi, haina ladha, na hudhuru ubongo wa mtoto mchanga kuliko wa mtu mzima. Kuchemsha hakuipunguzi hata kidogo. Basi maji ya mtoto yachotwe katika bomba la baridi, kwa maana maji ya moto huyeyusha risasi upesi zaidi, na asubuhi yaachwe yatiririke kwanza dakika chache, kwa kuwa yamelala bombani usiku kucha.

Kwa mpangaji, chujio linalofaa ni lile atakaloweza kulibeba mkononi siku ya kuhama. Yako ya namna mbili. La kwanza ni jagi lenye chujio la mkaa ndani yake. La pili hufungwa mdomoni mwa bomba kwa kuzungushwa, bila fundi, ingawa halikubali mabomba yenye kichwa cha kuvutwa. Jagi huuzwa kwa dola 20 hadi 40 hivi. Msitazame picha ya chemchemi kwenye boksi; geuzeni boksi mkasome nyuma. Namba 42 ya NSF/ANSI maana yake ni ladha na harufu tu. Namba 53 inahusu afya, lakini hata hiyo haitoshi peke yake: tafuteni neno "lead" katika orodha ya vitu vinavyopunguzwa. Chukueni mfano wa Brita. Chujio lake la kawaida, la galoni 40 au miezi miwili, halikuthibitishwa kwa risasi. Lile liitwalo Elite, la galoni 120 au miezi sita, limethibitishwa. Yote mawili huingia katika majagi mengi yale yale, na hukaa rafu moja dukani.

Majagi haya hayaui vijidudu. Bomba kuu likipasuka na jiji likatangaza maji yachemshwe, rudini kwenye sufuria: yachemke kwa nguvu dakika moja kamili. Wala jagi la mkaa si tegemeo kwa naitreti, kemikali ya mbolea za mashambani. Mnamo Juni 2015 ilizidi kiwango katika maji ya mtambo wa Dublin Road, na wajawazito pamoja na watoto wa chini ya miezi sita wakaambiwa wasiyanywe. Kuchemsha hapo kungeizidisha. Siku kama hiyo, mtoto hununuliwa maji ya chupa.

Mashine za chini ya sinki ni nzuri kwa aliye na nyumba yake. Mpangaji akitoboa sinki au kukata bomba bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba, asishangae amana yake ikikatwa. Na bomba likiwa bovu, hilo ni jukumu la mwenye nyumba kwa sheria ya Ohio. Mwandikieni barua na mbaki na nakala.

Wenye jamaa Buffalo au Louisville wasiwatumie ushauri huu bila kuupima. Buffalo hunywa Ziwa Erie, Louisville hunywa mto Ohio, na kila shirika la maji hutoa taarifa ya mwaka kabla ya tarehe 1 Julai. Waiombe, hutolewa bure.

Jirani yangu alinunua jagi na chujio la risasi. Tarehe ya kulibadilisha ameiandika kwa kalamu kwenye kipande cha plasta, akakibandika ubavuni mwa jagi. Yule muuzaji alipiga simu mara mbili. Mara ya pili niliipokea mimi.