Riziki ya Kamera Chini ya Bahari

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii yawahusu hasa watu wachache ambao riziki yao imo vilindini, nao ni wapiga picha wa chini ya maji. Askari aliyezoea kazi ya hatari atawaelewa upesi, kwani wao pia hufanya kazi mahali ambapo kosa dogo halina msamaha.

Kila mita 10 anazozama mpiga picha, maji humwongezea shinikizo lililo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Akipanda kwa pupa, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hugeuka mapovu, na huweza kumlemaza au kumwua. Maji nayo humeza mwanga: rangi nyekundu hutoweka katika mita chache za mwanzo, na bila ya taa picha huwa ya buluu tupu.

Vifaa navyo ni ghali. Kamera hukaa ndani ya kasha lisiloingiza maji, na mara nyingi kasha hilo huipita kamera kwa bei. Unywele mmoja ukinasa kwenye mpira wa mfuniko, maji ya chumvi hupenya na mali yote huharibika. Zama za filamu, mkanda wa kawaida ulikuwa wa picha 36 tu. Zikiisha, mpiga picha hupanda juu, hata kama nyangumi ndiyo kwanza anapita.

Hata hivyo, taabu iliyo kubwa zaidi haimo majini. Imo nchi kavu, kwa mnunuzi.

Tuwatazame Ron na Valerie Taylor, mume na mke wa Australia. Mwanzo walisifika kwa kuwinda samaki kwa mikuki, na mwaka 1965 Ron alitwaa ubingwa wa dunia. Baadaye walichoshwa na mauaji hayo, wakaweka silaha chini na kushika kamera. Lakini mnunuzi hakutaka samaki wazuri wa matumbawe. Alitaka meno ya papa. Basi wakamfuata papa.

Mwaka 1974 waliajiriwa kupiga picha za papa weupe walio hai, katika bahari ya Australia ya Kusini, kwa ajili ya senema ya Kimarekani iitwayo Jaws. Papa halisi hawakuwa wakubwa kama yule wa hadithi. Kwa hiyo mtu mfupi sana alitiwa ndani ya kizimba kidogo, ili papa aonekane jitu.

Senema ilipotoka mwaka 1975, watu wengi walishikwa na hofu, na wengine wakatoka kwenda kuua papa. Akina Taylor walisafiri hadi Marekani kuwaeleza watu kwamba ile ilikuwa hadithi tu. Picha zilizowapa chakula zilikuwa zimemponza mnyama aliyewalisha.

Hawakukata tamaa. Walitumia kamera na ndimi zao kumtetea papa, na mwaka 1984 jimbo la New South Wales lilipiga marufuku kuuawa kwa papa mmoja wa pwani yake, mwenye sura ya kutisha lakini mpole.

Leo mkanda wa picha 36 umeachwa. Kamera za kisasa hupiga mamia ya picha katika mzamo mmoja, na wazamiaji wengi hutoa zao bure au kwa bei ya chini. Hivyo wanaoishi kwa kuuza picha pekee ni wachache. Wengi hufundisha kuzamia, huongoza wageni, huandika vitabu au hutoa mihadhara.

Ron Taylor alifariki mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 78, kwa maradhi wala si kwa meno ya papa. Maisha yake yatufunza kwamba aliyeshika chombo, kiwe bunduki au kamera, hana budi kukijibia kile kinachotoka ndani yake.