Kumpokea mwanafunzi wa Kiswahili nyumbani: ya kufahamu kabla ya kutenga chumba

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Mkazi wa Kata ya Makanyagio, Manispaa ya Mpanda, mwenye chumba kisichotumika kwa kawaida hukipangisha kwa mtumishi au mfanyabiashara, au hukiacha wazi kwa ajili ya ndugu watakaokuja kutoka kijijini. Ipo njia ya tatu ambayo katika miji mingine ya Tanzania imeziongezea familia kipato kwa muda mrefu. Familia humpokea mgeni kutoka nje ya nchi anayejifunza Kiswahili, akala na kulala hapo kwa wiki au miezi kadhaa, na familia ikalipwa kwa huduma hiyo. Makala haya yanafafanua namna utaratibu huo unavyofanya kazi, masharti yake ya kisheria, na hesabu ambayo kila kaya inapaswa kuipiga kabla ya kutumia fedha yake.

Utaratibu huu si mgeni nchini. Vijana wa kwanza wa kujitolea wa Peace Corps kutoka Marekani walifika Tanganyika mwaka 1961, na hadi katika miaka yetu wanaoletwa na shirika hilo wamekuwa wakiishi na familia za Kitanzania katika kipindi cha mafunzo, kabla ya kupangiwa vituo vya kazi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar hupokea wanafunzi wa Kiswahili kutoka nje, na wengi wao hukaa katika nyumba za wenyeji. Programu ya Serikali ya Marekani inayofadhili wanafunzi wa lugha, Critical Language Scholarship, imewahi kuwaweka wanafunzi wa Kiswahili katika familia za Arusha huku wakisoma katika kituo cha MS TCDC, Usa River. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na huko Makoko, Musoma, kipo kituo cha kanisa kilichofundisha wamisionari wa vizazi kadhaa.

Uhitaji wa lugha yenyewe umeongezeka. Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwezi Agosti 2019. Mwezi Novemba 2021, UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha ya kazi.

Katika orodha ya vituo vilivyotajwa hapo juu, Mpanda haimo. Mwananchi wa Makanyagio anapaswa kuanza na ukweli huo, kwa sababu katika shughuli hii mgeni hajileti. Huletwa na taasisi inayomfundisha, nayo ndiyo huchagua familia, hukagua nyumba, huweka mkataba na mara nyingi hulipa familia moja kwa moja ili mgeni na mwenyeji wasidaiane mezani. Pasipo taasisi, chumba kilichopakwa rangi na kuwekewa kitanda kipya hubaki kuwa chumba tu.

Hata hivyo, Mpanda ina sifa ambayo miji ya watalii imeanza kuipoteza. Mwanafunzi anayekaa katika mtaa ambao kila muuza duka humsemesha Kiingereza hujifunza kwa shida, kwani kila akikwama hupewa njia ya mkato. Makanyagio ni kata ya mji uliokutanisha Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa, Wasukuma, Waha na wengine wengi, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, shuleni na msibani. Mgeni hapa hana pa kukimbilia. Akitaka chumvi ataiomba kwa Kiswahili.

Mkoa huu una uzoefu mkubwa wa jambo hilo kuliko unavyojisifia. Wamisionari wa Afrika waliokabidhiwa kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885 walilazimika kujifunza lugha kutoka kwa watu waliowakuta. Karibu karne moja baadaye, maelfu ya watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi walipewa hifadhi katika makazi ya Katumba na baadaye Mishamo. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili, wakafanya biashara kwa Kiswahili, na wengi wao ni miongoni mwa watu zaidi ya 150,000 waliopewa uraia wa Tanzania. Hakuna aliyezilipa kaya jirani kwa masomo hayo, lakini kazi iliyofanyika ni ileile inayolipiwa Zanzibar na Arusha.

Wageni wenye sababu ya kufika Katavi wapo. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye eneo la kilomita za mraba 4,471, huvutia watafiti wa wanyamapori na misitu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda ndani ya mkoa. Jimbo Katoliki la Mpanda na mashirika yaliyohudumia makazi ya wakimbizi yamepokea wafanyakazi wa kigeni. Mtafiti atakayeishi porini miezi sita akiwahoji wanakijiji anahitaji Kiswahili kuliko mtalii wa siku tatu. Kwa sababu hiyo, familia au kikundi chenye nia hii kitafanya vyema kuanza kwa kuziandikia barua taasisi za aina hiyo, badala ya kusubiri wageni wa kubahatisha.

Sasa hesabu. Takwimu zifuatazo ni za mfano, si viwango vilivyotangazwa na mamlaka yoyote. Kila kaya iweke bei za soko lake. Tuchukue kwamba taasisi inalipa shilingi 25,000 kwa siku kwa mgeni wa wiki sita, yaani siku 42. Familia itapokea shilingi 1,050,000. Chakula cha mgeni kikigharimu shilingi 9,000 kwa siku ni shilingi 378,000. Maji, umeme, mkaa na sabuni vikichukua shilingi 112,000, hubaki shilingi 560,000. Kitanda, godoro, chandarua, meza, kiti, pazia na kitasa cha mlango vikigharimu shilingi 450,000, familia inabaki na shilingi 110,000 mkononi.

Chumba hichohicho kikipangishwa kwa shilingi 40,000 kwa mwezi kingeingiza shilingi 480,000 kwa mwaka bila kupika hata chai. Kwa mgeni mmoja tu kwa mwaka, basi, mwaka wa kwanza familia imepoteza, na mwaka wa pili imepata nyongeza ya shilingi 80,000 kwa wiki sita za kuamka mapema. Faida ya kweli huanzia kwa mgeni wa pili na wa tatu ndani ya mwaka mmoja, na hao huletwa na mkataba. Mwandishi wa makala haya anaona hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza, kabla ya swali la rangi ya ukuta.

Kwa sababu hiyo, si busara kuchukua mkopo wa kujenga au kukarabati vyumba kwa matumaini ya wageni ambao hawajathibitishwa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu hurejeshwa, ingawa haina riba. Mikopo ya mitaani ambayo wananchi wameipa jina la “kausha damu” haisubiri mgeni afike. Na mtu yeyote akikutaka ulipe “ada ya usajili” kwanza ili uletewe mzungu, usilipe. Toa taarifa polisi.

Upande wa sheria, jambo kuu ni uhalali wa mgeni kuwepo nchini. Hati ya Ukaazi Daraja C hutolewa kwa makundi yasiyo ya wawekezaji wala waajiriwa, wakiwemo wanafunzi, watafiti na wamisionari. Wanaokuja kwa muda mfupi huingia kwa visa, na aina ya visa huamua kile ambacho mgeni anaruhusiwa kufanya. Kazi ya kushughulikia nyaraka hizo ni ya taasisi na mgeni mwenyewe, lakini mwenyeji hawezi kusema hayamhusu, kwa kuwa Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, humtia hatiani pia anayemhifadhi mtu akijua kwamba yupo nchini kinyume cha sheria. Siku ya kwanza omba kuiona pasipoti pamoja na visa au hati yake, andika tarehe ya mwisho wa muda wake, kisha mrudishie. Pasipoti haiwekwi dhamana kwa mwenye nyumba. Penye shaka, Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa iliyopo Mpanda ndiyo ya kuulizwa.

Mgeni atambulishwe kwa Mwenyekiti wa Mtaa na Afisa Mtendaji wa Mtaa siku anapofika au kesho yake. Utambulisho huo humlinda mgeni na humlinda mwenyeji, hasa jambo likitokea usiku. Kuhusu fedha, kipato hiki si msaada bali ni malipo ya huduma, na kwa hiyo kinahusika na sheria za kodi kama kipato kingine. Ofisi ya TRA itaeleza kinachotakiwa kulingana na kiasi na aina ya mkataba. Halmashauri nazo hutoza ushuru wa nyumba za kulala wageni. Iwapo chumba kimoja ndani ya nyumba ya familia kinaingia katika utaratibu huo au katika leseni yoyote, aulizwe Afisa Biashara wa Manispaa, na jibu liombwe kwa maandishi.

Ndani ya nyumba, taasisi nyingi hazitafuti anasa. Hutafuta chumba cha peke yake chenye mlango unaofungwa, chandarua kisichotoboka, choo safi, maji ya kuoga na maji ya kunywa yaliyochemshwa. Hutafuta pia watu. Nyumba ambayo baba na mama hushinda kazini na watoto wako bweni haimfai mwanafunzi wa lugha hata ikiwa na vigae sebuleni, ilhali ya bibi anayechambua mchicha uani huku akisimulia inamfaa sana. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu jembe ndilo somo lenyewe. Apelekwe kusaga, asonge ugali hata ukiwa na mabonge, atumwe dukani. Akikosea asichekwe mbele ya watu, wala asijibiwe kwa Kiingereza cha kumwonea huruma.

Yapo mambo ambayo familia ikubaliane yenyewe kabla hajafika: saa ya kufunga geti, pombe, wageni wa mgeni, na mipaka kati yake na watoto. Mtu mzima asiyefahamika na familia halali chumba kimoja na mtoto, awe ametoka nchi gani. Vivyo hivyo mgeni, hasa msichana, ana haki ya kutobughudhiwa na yeyote ndani ya nyumba, na Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi hupokea malalamiko ya pande zote mbili.

Kaya iliyokwisha kukubaliana inaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja, ikapitia kwa Mtendaji wa Mtaa ili igongwe muhuri, ikaeleza idadi ya wakazi wa nyumba na umri wao, chumba kilichopo, umbali hadi kituo cha afya, na lugha inayozungumzwa mezani. Nakala moja ibaki ofisi ya mtaa.