Mishahara ikipanda, nani anabaki kazini?

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia bajeti ya mishahara ya kaunti za Kenya. Usizime redio ukidhani ni mambo ya wenye ofisi. Zahanati nyingi za kambini zinaendeshwa na mashirika, lakini mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa hospitali ya rufaa, kama ile ya Lodwar au ya Garissa. Hospitali hizo ni za kaunti, na wauguzi wake wanalipwa na kaunti.

Tena, mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unalenga kugeuza kambi ziwe makazi yaliyounganishwa na huduma za serikali. Kwa hiyo bajeti ya kaunti itazidi kukugusa.

Sheria ya Kenya inaweka mipaka miwili. Mishahara na marupurupu yasizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Na angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo, kama barabara, visima na majengo. Kinachobaki ndicho kinachonunua dawa na mafuta ya gari la wagonjwa. Hata hivyo, kaunti nyingi zimekuwa zikivuka mpaka huo wa mishahara.

Tuchukue mfano mdogo. Kaunti ina shilingi 100 na wafanyakazi 35, kila mmoja analipwa shilingi 1. Jumla ni shilingi 35. Bei za vyakula zimepanda, wanaomba nyongeza ya senti 10 kila mmoja. Sasa zinahitajika shilingi 38 na senti 50. Kama mapato hayakuongezeka, shilingi 35 zinatosha watu 31 tu. Nafasi 4 zitaenda wapi?

Mara nyingi hakuna anayefukuzwa. Muuguzi anastaafu, na nafasi yake haijazwi. Hakuna tangazo wala kelele. Wewe utaona tu kwamba foleni imerefuka.

Je, basi wanyimwe nyongeza? Hapo pia kuna gharama. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kwa takribani miezi 5 wakidai makubaliano ya malipo yao. Walioumia zaidi ni wagonjwa wasio na pesa za hospitali binafsi.

Kwa hiyo swali la kuuliza si kama nyongeza ni nzuri au mbaya. Uliza: fedha zake zinatoka wapi, na ni kazi gani itabaki bila mtu?

Muda wa kuuliza ni mapema. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na Katiba inataka umma ushirikishwe. Mkimbizi hapigi kura, ni kweli. Lakini swali lako laweza kupitia kwa kiongozi wa bloku, au kwa jirani yako mwenyeji mnayepanga naye foleni moja. Aulize hivi mkutanoni: wauguzi wangapi wapo leo, wangapi watastaafu mwaka huu, na nafasi ngapi zitajazwa?

Mweleze na jirani ambaye hana redio.