Akigeuka Mweusi, Mwache

Tuseme ukweli: wengi wetu kinyonga tunamkimbia. Tumekua tukiambiwa ana sumu, mara ana mkosi, na wapo wanaompiga mawe akikatiza njia. Lakini sumu hana. Waifu wangu ndiyo kabisa, haogopi kitu. Wikiendi moja tulipanda Soni kutoka Dar kupumzisha vichwa. Hata maporomoko hatujayaona, kijana mmoja kando ya barabara akatuonyesha kinyonga juu ya kijiti: dume la kijani, pembe mbili zimechomoza puani. Waifu akamnyakua mgongoni.

"Huyu tunaenda naye Dar, tutamfuga kibarazani!"

Basi bwana, yule wa kijani akageuka mweusi, akaachama mdomo na kufoka. Mimi niliruka, waifu akacheka. Mwongoza wageni wetu hakucheka. "Dada, huyo ameogopa. Mrudishe kwenye kijiti." Waifu akamrudisha, lakini akanuna. Tukapewa somo palepale, na wewe msomaji chukua lako.

NI NANI HUYU?
Kwao ni Usambara Magharibi. Zamani alihesabiwa kundi moja na jamaa zake wa milima mingine, hadi mwaka 2008 wataalamu walipomtambua kuwa aina yake peke yake. Na tangu 2006 jina la kisayansi la ukoo wake ni Kinyonga. Ndiyo, Kiswahili chetu hichohicho!

KUMSHIKA
Kwanza, usimnyakue kutoka juu. Kwake yeye, kinachoshuka kutoka juu ni ndege anayetaka kumla. Weka mkono mbele yake, chini kidogo ya kidevu, kisha tulia. Akitaka, atapanda mwenyewe.

Pili, usimvute mkia wala miguu. Anashika tawi kwa nguvu zote, ukilazimisha utamuumiza.

Tatu, soma dalili. Kugeuka mweusi, kufoka, kuachama mdomo, au kufumba macho mchana kweupe: hizo zote maana yake "niache". Hata aliyetulia, dakika chache zinatosha.

Na usiku ukimmulika kwa tochi utamwona amepauka, amelala kwenye ncha ya kitawi. Mtazame, upite. Usimwamshe.

KUMLISHA
Anataka wadudu walio hai, wanaotembea: panzi, nyenje, nzi. Macho yote mawili yakishalenga, ulimi mrefu kuliko mwili wake unaruka, kazi imekwisha. Usimsukumie chakula mdomoni. Akiwa na hofu hali, hata panzi apite mbele ya pua. Na maji usimwekee bakuli ukadhani umemaliza. Yeye hulamba matone ya mvua na umande kwenye majani.

JE, AHAMIE DAR?
Hapana. Huyu ni mtoto wa milima yenye ubaridi na unyevu. Kibaraza cha Dar mwezi wa pili ni sufuria. Halafu kuna sheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, huwezi kujikamatia mnyamapori ukaondoka naye bila kibali. Kwa miaka mingi vinyonga wa Tanzania waliuzwa nje wakafugwe kwenye vizimba, mpaka mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai.

Sasa ukikutana na kijana mwenye kijiti? Sisi tulikubaliana naye hivi: pesa yetu ni ya kutupeleka porini tukawaone vinyonga kwao, siyo ya kuwashika. Akakubali, akatangulia na kijiti chake. Kwenye kichaka alichomtoa, waifu akaweka mkono mbele ya yule dume, akangoja. Dakika kama kumi. Hatimaye mguu mmoja, kisha wa pili, akavuka mkono wake kama daraja na kuingia kwenye majani. Taratibu akarudi kijani.

Usiku gesti, waifu bado kanuna. Zamani ningemfuata na maswali: una nini, nimekosa nini, sema basi! Safari hii nilikaa upande wangu, nikamimina chai vikombe viwili, nikanyamaza.

Chai haijapoa, akasogea mwenyewe.