Kumeza Upya Baada ya Upasuaji wa Umio

Saratani ya umio, yaani ya mrija wenye urefu wa takriban sentimita 25 unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni, hushambulia watu wengi kuliko kawaida katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Mkazi wa Nakapanya, mkoani Ruvuma, anayepatwa na maradhi haya huweza kulazimika kusafiri hadi Dar es Salaam, kwenye Hospitali ya Taifa Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Wachache wanaogunduliwa mapema huweza kukatwa sehemu iliyougua, kisha mfuko wa chakula ukavutwa juu kifuani na kuunganishwa na kipande cha umio kilichobaki.

Upasuaji huo huondoa uvimbe, lakini hauurudishi umezaji wa zamani. Penye maungio huweza kuota kovu linaloibana njia, na daktari hulazimika kuitanua kwa puto maalumu, pengine zaidi ya mara moja. Neva zinazoongoza zoloto, kiungo cha sauti kinachofunga njia ya hewa wakati wa kumeza, zikijeruhiwa, sauti hukwaruza na mgonjwa hupaliwa. Chakula kinachopotelea mapafuni huweza kuleta nimonia. Aidha, kwa kuwa msuli uliokuwa ukizuia tindikali ya tumbo isipande huwa umeondolewa, mgonjwa hushauriwa asilale mara baada ya kula, na kichwa na kifua chake viinuliwe usiku.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya matibabu yanayobaki hufanyika jikoni. Tonge la ugali mgumu, nyama yenye nyuzi na korosho nzima huweza kukwama, ilhali uji uliotiwa karanga au korosho zilizosagwa laini, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, na samaki aliyetolewa miba hulisha vizuri. Anayehitaji chakula laini kabisa huandaliwa rojo lisilo na mabonge, linalotulia juu ya kijiko na kudondoka lote kwa pamoja kijiko kinapoinamishwa, bila kunata. Mgonjwa hula akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, mara sita hivi kwa siku badala ya milo mitatu mikubwa.

Desturi ya kula sinia moja, ijapokuwa ni njema, humwelemea mtu anayemeza polepole, ambaye huona haya kuwachelewesha wenzake, akanawa mikono kabla hajashiba. Kumpakulia sahani yake na kumwanzisha mapema humpunguzia haya hiyo, naye akaendelea kuketi na jamaa zake.

Kukonda kusikokoma, kikohozi kila anapokula, homa, au kushindwa kumeza hata maji ni dalili za kumrudisha hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Familia inayodhani kwamba matibabu yalikwisha siku mshono ulipopona huweza kuzichukulia dalili hizo kuwa uchovu wa kawaida, na mgonjwa aliyenusurika saratani akadhoofishwa na njaa inayoweza kuzuilika.